Uchovu wa sonona na vichupa vya peptidi: fanya haya kabla ya kujichoma sindano

Kaka yangu anaishi Houston, Marekani. Mwaka juzi nilimwambia kwa simu kwamba nikiamka asubuhi najiona kama niliyebeba gunia la mkaa usiku kucha. Alinihurumia, akampa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani bahasha yenye vichupa vitano vya unga mweupe, kila kimoja kimeandikwa BPC-157. Alisema huko watu huchanganya na maji, wanajichoma tumboni kwa sindano ndogo kama zile za wagonjwa wa sukari, na uchovu unaondoka. Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Nilikuwa na mwezi wa tano kwenye matibabu ya sonona, huzuni imeanza kupungua lakini mwili umegoma, na vile vichupa nilivitamani sana. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliyeshika bahasha kama ile leo.

Kwanza jua ulichoshika. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani protini ndogo. Jina lenyewe lisikutishe wala lisikuvutie. Insulini ni peptidi, ina asidi amino 51. Oksitosini, anayochomwa mama mara mtoto anapotoka ili asivuje damu nyingi, ni peptidi yenye 9 tu. Hizo zina viwanda vinavyokaguliwa, vipimo vinavyojulikana na wauguzi waliofundishwa kuzitumia. BPC-157 ina 15, na sifa nyingi unazosikia zimetokana na majaribio ya panya. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiweka kwenye kundi la malighafi zenye mashaka makubwa ya usalama kwa famasia zinazochanganya dawa zenyewe. Peptidi nyingine, Semaksi na Selanki, ambazo nazo husifiwa kwa akili na nguvu, ni matone ya puani yenye kibali Urusi. Semaksi huko hupewa watu waliopata kiharusi. CJC-1295 na ipamorelini, peptidi nyingine mbili, huchochea homoni ya ukuaji, na homoni hiyo inaweza kupandisha sukari ya damu. Katika zote hizi, hakuna hata moja yenye kibali cha FDA cha kutibu sonona wala uchovu wake.

Kisha soma kibandiko, tena mchana kwenye mwanga mzuri. Tafuta jina la kiwanda na nchi, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na joto la kuhifadhia. Changu kilikuwa na jina, uzito wa miligramu, na mstari mdogo unaosema ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Nilivipeleka kwa dada mfamasia jirani yangu. Aliniuliza maswali matatu: nani amethibitisha kilichomo ndani, unga umekaa siku ngapi kwenye joto la begi, na nitachanganya na maji gani yasiyo na vijidudu. Sikuwa na jibu hata moja. Kwa Tanzania, dawa halali husajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Mfamasia anaweza kukuangalizia, na hilo halihitaji pesa.

Sasa nije kwenye jambo lililonisaidia, maana hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako chache ulizonazo. Uchovu ni dalili ya sonona kweli, lakini ukiwa na sonona hujakingwa na magonjwa mengine yanayochosha. Miezi mitano yote hakuna aliyeniuliza hedhi yangu ikoje. Ilikuwa siku nane, nzito. Nilipopimwa FBP, yaani picha kamili ya damu, kiwango cha damu (hemoglobini) kilikuwa 8.4, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nililia pale maabara, nusu kwa hasira, nusu kwa kupata nafuu ya moyo.

Kwa hiyo omba vipimo hivi kwa majina yake: FBP, sukari, TSH ya tezi la shingo, VVU, na ujauzito kama inawezekana. Kama una homa, malaria. Kama unakohoa wiki mbili au unatoka jasho usiku, mwambie daktari kuhusu kifua kikuu. Muulize unayelala naye kama unakoroma na kukatika pumzi. Kabla ya kwenda, andika wiki moja kwenye daftari: umelala saa ngapi, umemeza dawa saa ngapi, uchovu umezidi wakati gani, hedhi imeanza lini. Daktari mwenye dakika kumi atasoma ukurasa mmoja haraka kuliko atakavyokusikiliza ukilia.

Uliza pia kuhusu dawa unayomeza. Mimi nilikuwa nameza amitriptilini saa tano usiku, naingia darasani saa mbili asubuhi ulimi mzito. Daktari alinibadilishia taratibu kwenda fluoksetini, ya asubuhi. Usiache wala kubadilisha mwenyewe. Ukikata ghafla unaweza kuumwa vibaya, na dawa mpya huchukua wiki kadhaa kabla hujaiona kazi yake. Na mawazo ya kutaka kufa yakija, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mtu wa kukushika mkono.

Vidonge vya madini ya chuma nilivyopewa kuongeza damu vilifanya choo kuwa cheusi, ni kawaida. Chai ya rangi huzuia chuma kuingia mwilini, basi niliisogeza mbali na kidonge. Nikaanza na kutembea kwa kufuata saa, bila kusubiri nijisikie vizuri: saa kumi na mbili jioni mpaka bombani na kurudi, wiki iliyofuata mpaka kwenye genge la mboga. Mwezi wa tatu nilipanda ngazi za shule bila kusimama katikati.

Vichupa sikuvitupa jalalani, watoto huokota. Nilimwachia mfamasia aviteketeze pamoja na dawa zilizoisha muda. Kaka nilimpigia, nikamshukuru kwanza, maana alitumia pesa yake kwa kunipenda. Kisha nikamwomba kama ana kitu tena asitume unga, atume nauli na pesa ya vipimo. Alituma kesho yake, akaniambia nimtumie picha ya majibu.