Ukiuza gari, usikimbilie kufuta bima

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa mnaouza gari bima kubwa ikiwa bado mbichi: kabla ya kuandika barua ya kusitisha, ulizeni marejesho yanapigwaje.

Mimi niliuza gari Igoma baada ya miezi minne. Nilikuwa nimelipa 420,000 bila VAT, nikapiga hesabu yangu: miezi minane imebaki, narudishiwa 280,000. Nikapewa 210,000. Kumbe mteja akisitisha mwenyewe, kampuni nyingi hazigawanyi kwa siku. Zinatumia jedwali la muda mfupi, yaani orodha ya kiasi wanachobaki nacho kulingana na miezi uliyotumia bima, na jedwali hilo linakula zaidi miezi ya mwanzo. Limo kwenye mkataba, kurasa za nyuma ambazo wengi wetu hatufungui. Na kama ulishalipwa fidia mwaka huo, mara nyingi hupati kitu.

Barua ipeleke mwenyewe ofisini, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ahadi ya wakala kwa simu haitakusaidia. Mimi siku tisa zilipotea hivyo, na ziliniuma kuliko makato yenyewe.

Ukiona wamekata nje ya jedwali, dai mchanganuo kwa maandishi. Wakikaa kimya, TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kama unanunua gari jingine karibuni, omba kwanza bima ihamishiwe huko.