Ukitaka kuipima CHF, watafute walioacha kulipa

Mara ya kwanza nilipotumwa kutathmini CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya afya ya kaya hapa Tanzania), ile iliyoanza 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6, nilianzia ofisini. Nikapewa idadi ya kaya zilizoandikishwa, nikaiandika. Nilipofika vijijini nikakuta nusu ya kadi ninazoonyeshwa zimekwisha muda.

Kadi ni ya mwaka mmoja. Basi omba namba mbili tu: kaya zenye kadi hai leo, na ngapi kati ya zile za mwaka jana zimelipia tena. Ile ya kwanza igawe kwa kaya zote za kata. Usigawe kwa lengo la uandikishaji. Lengo hupangwa mezani.

Kisha nenda zahanati mapema, ukae karibu na dirisha la dawa. Hesabu watu 20 wenye kadi wanaotoka: nani kapata dawa zote alizoandikiwa, nani katoka na kikaratasi cha duka la dawa? Halafu ndipo uombe leja ya dawa. Ukikuta leja inasema dawa ipo na rafu ni tupu, usimgombeze mganga mfawidhi hapo hapo, hatakufungulia tena kabati.

Kazi yenyewe iko kwa walioacha. Mama mmoja mkulima wa mpunga aliniambia, "Mwanangu, nililipa baada ya mavuno. Masika mtoto kaugua, dawa nikaambiwa nikanunue. Sasa ile elfu thelathini nililipia kuandikiwa?" Mjukuu wake, mtu wa saba nyumbani, hakuwamo kwenye kadi. Tangu siku hiyo kila nyumba yenye watu zaidi ya sita nauliza nani aliachwa, na nani aliamua. (Jiandae, swali hili huleta ukimya.)

Uliza pia walilipa lini. Wengi wakijiunga mtu akishaanza kuumwa, mfuko unabeba wagonjwa watupu na hautadumu, hata dawa zikijaa. Vitabu vya MTUHA (kumbukumbu za wagonjwa za kituo) vitakuonyesha wanachama wanahudhuria mara ngapi zaidi kuliko wengine.

Rufaa nazo: fuatilia watu watatu walioandikiwa kwenda hospitali ya mkoa. Kadi inafika huko, ila nauli hailipi. Katika watatu wangu, mmoja alikuwa hajaondoka nyumbani.

Na mwenyekiti wa kitongoji akikusindikiza, mshukuru mlangoni arudi. Akikaa naye kwenye mkeka, majibu yote yatakuwa "huduma ni nzuri".