Kabla hujakimbilia waya za meno, angalia kwanza mataya ya mtoto

Meno yaliyopinda hata mtu mzima yanapangika, ila taya linalokua vibaya lina muda wake na ukipita umepita. Kwa hiyo sikilizeni.

Akifika miaka 7 mpeleke akaangaliwe, kuangaliwa tu, si lazima atoke na waya.

Kabla ya hapo mchunguze mwenyewe: akiuma, meno ya chini yanakaa mbele ya yale ya juu? Kidevu kinakimbilia upande mmoja? Analala mdomo wazi, anakoroma, bado ananyonya kidole? Yote hayo kamwambie daktari.

Halafu jua kwamba tatizo lenyewe ndo linapanga muda. Taya la juu lililobaki nyuma huvutwa na kifaa cha kuvaa usoni, na linasikia zaidi kabla ya miaka 10 hivi. Kaakaa jembamba lipanuliwe kabla mfupa wa katikati haujashikana, ukishashikana hapo mnaongelea operesheni. Taya la chini fupi ndo kinyume, ukiwahi sana unamchosha mtoto bure, inabidi udake ile kasi ya kubalehe, wasichana mara nyingi miaka 10 mpaka 12, wavulana mbele kidogo.

Na hapa ndo watu wanaumia. Binti wa dada yangu kidevu kilirudi nyuma toka mdogo, meno ya juu yametokeza mpaka midomo haifungi, kila akipelekwa wanaambiwa subirini magego ya utoto yaishe kung'oka. Wakasubiri. Gego la mwisho linang'oka mtoto ana 13, keshavunja ungo zamani. Daktari mwingine akapiga eksrei ya pembeni, akawa anaangalia pingili za shingo badala ya meno, maana umbo lake ndo linaonyesha mtoto kafika wapi kukua, mara akauliza "alianza lini kupata siku zake?" Dada akashangaa, hedhi na meno wapi na wapi! Kumbe kwa wasichana kasi kubwa ya kukua kwa kawaida inakuwa imeshapita hedhi ya kwanza ikija. Akabaki na mawili: kung'oa baadhi ya meno ya juu ili kuficha tatizo, au kungoja akomae apasuliwe taya.

Kwa hiyo uliza wazi, mtoto wangu yuko hatua gani ya ukuaji na umejuaje? Akikuhesabia miaka tu, tafuta mwingine.

Mengineyo mnayajua, mswaki, kliniki msiruke, kifaa cha kuvaliwa masaa 12 kwa siku kikilala kabatini hakivuti kitu. Vya kujinyooshea meno vya mtandaoni achaneni navyo. Na mwenye kijana ambaye taya la chini limezidi, hata akitibiwa mdogo linaweza kuendelea kukua mpaka 18 na zaidi, picha zake za mwanzo msitupe, zitalinganishwa na za baadaye.