Mzazi, jifunze kwanza kuambiwa: kumkinga mtoto dhidi ya ukatili wa kingono

Nikikaa na wazazi kuzungumzia ulinzi wa watoto, wengi huja na swali moja: nimfundisheje mwanangu asiwasogelee watu asiowajua? Mfundishe, hakuna ubaya. Lakini katika kazi yangu ya ushauri nasaha, watoto ninaoletewa karibu wote wameumizwa na mtu wanayemjua kwa jina: ndugu, jirani, mwalimu, kiongozi wa dini, na si mara chache kijana mkubwa kidogo wa humo humo ndani. Ndiyo maana somo langu huanza na mzazi, mtoto anafuata.

Anza na mwili. Unapomwogesha mtoto wa miaka 3, taja uke, uume na matako kwa sauti ile ile unayotajia goti. Hapa wazazi hucheka, wengine huinamisha vichwa. Wacheke, ila waseme. Mtoto aliyezoeshwa kuita sehemu hiyo "kidege" atamwambia mwalimu kuwa mjomba anamshika kidege, na mwalimu atamjibu "haya, kacheze". Tena mtoto akiona wewe mwenyewe unaona haya kutaja, atajua kuwa hayo ni mambo ya kunyamaziwa.

Kisha mpe ruhusa ya kukataa. Asilazimishwe kumkumbatia wala kupakatwa na mtu; akisalimia kwa maneno, adabu imetimia. Kuna watu wazima watakaonuna. Wanune. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba mkubwa hakataliwi, atatii hata siku ile ambayo ungetamani apige kelele.

Kuhusu siri, weka sheria moja nyumbani: hakuna mkubwa mwenye ruhusa ya kuwa na siri na mtoto juu ya mwili, picha, zawadi au simu. Zawadi ya siku ya kuzaliwa inaweza kufichwa, kwa sababu kesho yake kila mtu ataiona na kufurahi. Siri inayokuja na maneno "mama akijua atakupiga" inasemwa siku hiyo hiyo.

Anayewarubuni watoto kwa kawaida huanza kwa kumrubuni mzazi. Anakuwa msaada, hasa kwa mzazi aliyezidiwa na kazi: anajitolea kumfuata mtoto shuleni, kumfundisha masomo ya ziada, kubaki naye jioni. Halafu zinakuja zawadi ndogo, mizaha ya mwili, kutekenyana, mguso "wa bahati mbaya". Anapima: je, mtoto atasema? Hapo ndipo pa kumkatia njia. Jiulize nani hubaki peke yake na mwanao, wapi, na mlango ukiwaje. Pita bila taarifa. Kanuni ikiwa ni ya wote, mtu mwema haimuudhi.

Kwenye simu hatua ni zile zile, ila zinakwenda mbio: sifa, ombi la kuhamia programu nyingine ya ujumbe, picha moja, kisha vitisho. Mwambie mapema, kabla hakijatokea kitu: "Hata kama umeshatuma picha, njoo kwangu, sitakupiga." Na ukisema hivyo, usimpige. Ujumbe usifutwe, na picha usimtumie mtu yeyote, hata shangazi. Kusambaza picha ya uchi ya mtoto ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Ipeleke simu polisi kama ilivyo.

Dalili zipo, ingawa hakuna hata moja inayotosha peke yake: kurudia kukojoa kitandani, kumkwepa mtu fulani ghafla, maumivu anapotembea au kujisaidia, kujua mambo ya kingono yaliyozidi umri wake, pesa au vitu visivyo na maelezo. Watoto wengine hawaonyeshi chochote.

Sasa pale penye uzito wote. Katika vikao huwaweka wazazi wawili wawili, mmoja anajifanya mtoto na kusema, "Baba, yule ananishikashika." Mwenzake ajibu. Jibu la kwanza karibu kila mara ni "Kwa nini hukusema mapema?" au "Una uhakika?" Mtoto halisi angeishia hapo. Mara nyingi watoto husema vipande, kidogo leo, kidogo baada ya miezi, wakikupima uso. Kwa hiyo rudieni zoezi hilo nyumbani mpaka mdomo uzoee: "Umefanya vizuri kuniambia. Nakuamini. Si kosa lako." Kisha, "Niambie ilikuwaje," halafu nyamaza. Usimwekee maneno kinywani kwa kuuliza "alikuvua nguo?" Usiahidi kutomwambia mtu, maana utalazimika kusema. Baadaye, mbali naye, andika maneno yake kama alivyoyatamka.

Usiende kumkabili mtuhumiwa. Utampa nafasi ya kutoroka, kutisha au kuharibu ushahidi. Mtenge mtoto naye usiku huo huo, kisha toa taarifa polisi au ustawi wa jamii. Nchi nyingi zina namba ya simu ya bure ya msaada kwa watoto. Iweke kwenye simu yako leo. Kama tendo ni la karibuni, nenda hospitali kabla ya kumwogesha, nguo zake ziwe kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani; kwa msichana aliyevunja ungo, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi saa 120. Muda ukipita, bado nenda. Daktari asipoona jeraha, haimaanishi mtoto kadanganya. Kwa wengi mwili hauonyeshi alama yoyote.

Baadaye wataanza kuja wazee na ndugu wa mtuhumiwa wakitaka yaishe kifamilia, na baadhi ya watu wa nyumbani kwako watawaunga mkono. Hilo si lenu kulisamehe kwa niaba ya mtoto, na aliyefanya akibaki huru, kuna watoto wengine. Mtoto akiona nyumba imegawanyika anaweza kukwambia, "Nilidanganya." Usimkemee, wala usishukuru kwa sauti. Mwambie bado unampenda, kisha mjulishe anayeshughulikia kesi kwamba amebadilisha maneno, pamoja na nani alikuja nyumbani siku hiyo na alisema nini.