Kidonda cha tohara: kuanzia bandeji ya kwanza hadi wiki ya sita

Kazi yangu ni kuosha na kufunga vidonda. Wengi wanaorudi kwangu na kidonda cha tohara kilichoharibika walitoka kwenye upasuaji wakiwa salama kabisa. Kilichowaponza ni mikono: yao wenyewe, au ya mtu wa nyumbani aliyewapaka kitu kwa nia njema. Kwa hiyo, ndugu yangu, nitakayokueleza hapa mengi ni ya kuzuia mikono.

Siku mbili za kwanza, bandeji iache ilivyofungwa, isipokuwa kama aliyekutahiri amekupa muda mwingine. Isilowe. Jifute mwili kwa kitambaa chenye maji badala ya kuoga, na ukienda haja ndogo elekeza mkojo mbali, kisha ukaushe tone la mwisho. Pumzika. Vaa chupi safi inayoshikilia bila kubana, uume ukiwa umelazwa kuelekea kitovuni. Ukiachwa ukining'inia uvimbe huongezeka, hasa pale chini ya kichwa. Ganzi ikiisha maumivu yatakuja. Meza parasetamo kwa kipimo ulichopewa. Aspirini iache, kwa sababu huzuia damu kuganda.

Kijana mmoja alinijia akitembea kama aliyebeba yai katikati ya mapaja. Siku ya kuitoa bandeji ilipofika, alikuwa ameivuta kavu kwa mkupuo mmoja. Damu ilikuwa imegandia ndani ya shashi, ikashikana na kidonda, naye alipovuta mshono ukaachia na damu ikaanza upya. Angekaa dakika kumi na tano kwenye beseni safi la maji ya uvuguvugu, bandeji ingelegea na kutoka yenyewe. Maji hayo yachemshe kwanza, uyaache yapoe, kisha utie chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Pakigoma, loweka tena. Usivute.

Doa dogo la damu kwenye bandeji si tatizo. Damu ikidondoka, lala chali, chukua shashi safi, shika pale inapotoka na ubane kwa dakika kumi za saa, bila kuachia. Hapa ndipo watu wanaponishangaza: wanabana dakika moja, wanachungulia, wanabana tena. Kila ukifunua unabandua donge lililokwisha kuanza kuziba. Dakika kumi zikiisha na bado inatoka, endelea kubana huku ukipelekwa hospitali.

Bandeji ikishatoka, osha kidonda mara mbili kwa siku. Anza na mikono kwa sabuni, kisha mwagia maji safi, sabuni laini kidogo, suuza, na ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi. Inatosha. Spiriti huunguza nyama changa inayoota. Dawa ya meno, majani yaliyotwangwa na unga wa vidonge vilivyofunguliwa huacha uchafu kwenye mshono. Majivu na udongo ndivyo ninavyoviogopa zaidi, maana vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama.

Siku ya tatu au ya nne huenda ukaona utando wa manjano kwenye kichwa cha uume. Wengi hudhani ni usaha, wakausugua hadi kutoa damu. Utando huo ni sehemu ya kupona, uache. Usaha ni mzito, mara nyingi hunuka, na huja pamoja na maumivu yanayozidi na wekundu unaosambaa.

Usiku uume utasimama, nawe utaamka kwa maumivu. Ndivyo mwili wa mwanaume ulivyo usingizini. Kojoa kabla ya kulala; ukiamka, inuka utembee hadi utulie.

Nyuzi zinazoyeyuka huanguka zenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili au tatu. Ukiona ncha imechomoza, isikushawishi kuivuta.

Kwa mtoto mchanga, paka vaselini ya kawaida ndani ya nepi, upande wa mbele, isigande kwenye kidonda, na ubadilishe nepi mara inapochafuka.

Tendo la ndoa na punyeto visubiri wiki sita kamili. Wiki ya tatu ngozi huonekana imefunga, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwani ndani bado ni laini na huchanika kwa msuguano. Mpasuko huo ni mlango wazi kwa virusi vya UKIMWI. Hata baada ya kupona tumia kondomu: tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, haiumalizi.

Usisubiri kesho ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, mshono kuachia, uvimbe unaokua, kichwa cha uume kugeuka bluu au cheusi, taya kukaza, au kushindwa kukojoa huku kibofu kimejaa. Ukifika, mwambie muuguzi mara ya mwisho ulikojoa saa ngapi, na umtajie kila ulichopaka, hata kile ulichokatazwa. Hatukugombezi, tunataka kujua tunaosha nini.