Mizani imegoma baada ya oparesheni ya kupunguza tumbo? Soma hii kabla hujaanza kujinyima

Hii ni kwa waliofanya oparesheni ya kupunguza mfuko wa chakula, iwe slivu (tumbo linakatwa linabaki jembamba) au baipasi (tumbo linabaki dogo na chakula kinapitishwa njia ya mkato kwenye utumbo), wakashuka vizuri mwanzoni afu sa hivi mizani imegoma kabisa, namba ni ileile kila ukipanda, na nyumbani kila mtu anauliza "mbona umesimama?" kama vile wao ndo walilala kitandani kukatwa. Waliowekewa puto tumboni bila kukatwa, hii siyo yenu sana, puto linatolewa baada ya miezi kadhaa na hesabu zake ni zingine. Tangu hospitali ya Mloganzila waanze kutoa hizi huduma watu wa Dar tumekuwa wengi, ila ukitafuta maelezo ya hii hali ya kukwama unakuta yameandikwa kwa mtu anayekula jibini na samaki wa kopo asubuhi, na we uko Mbagala, mezani kuna ugali na mchicha na pembeni kuna wifi yako anakuangalia sahani.

Kwanza hakikisha umekwama kweli

Siku tano siyo kukwama. Wiki mbili nazo mara nyingi siyo kukwama. Mi nahesabu hivi: kama wiki nne zimepita, mizani haijasogea na futi ya fundi cherehani nayo haijasogea, hapo ndo tuongee. Kabla ya hapo ni mwili unapanga mambo yake.

Kuna hii ya mwanzo inayowatisha karibu wote, inakuja kwenye wiki ya tatu hivi. Wiki za kwanza unashuka kwa kasi kwasababu hauli kitu, mwili unatumia ile sukari uliyoitunza kwenye ini na misuli, na kila gramu ya hiyo sukari imeshikilia kama gramu 3 za maji, kwahiyo ikitumika na maji yanatoka, mizani inaporomoka unajiona bingwa. Baadae mwili unarudisha sehemu ya yale maji. Mafuta yanaendelea kuungua lakini maji yamerudi, namba inasimama, na mtu analia usiku kucha eti hela imepotea. Haijapotea. Subiri, kunywa maji, endelea na ratiba uliyopewa.

Halafu kupima. Mizani moja, siku moja kwa wiki, asubuhi ukitoka chooni, kabla hujala, sakafu ngumu siyo juu ya kapeti. Usipime leo kwako, kesho duka la dawa, keshokutwa stendi umevaa jinzi na viatu, utachanganyikiwa bure. Wanawake, wiki ya hedhi msiiamini mizani hata kidogo, mwili unashika maji. Ukila dagaa wa chumvi au chipsi jana usiku, ni hivohivo. Na kama unatumia vidonge vya madini ya chuma ukafunga choo siku nne, huo nao ni uzito unaousoma pale. Kwahiyo nunua futi, pima kiuno, nyonga, paja na mkono mara moja kwa mwezi, andika. Wengi wanakuta kilo hazijasogea ila gauni limepwaya.

Piga hesabu yako, siyo ya mtu wa Instagram

Hapa ndo watu wengi wanaumia bure. Chukua dada mwenye kilo 128 na urefu wa sentimita 165. Kwa urefu huo, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 25, ambayo ndo mwisho wa uzito wa kawaida, inaangukia kwenye kilo 68 hivi, kwahiyo ana ziada ya kilo 60. Oparesheni ya slivu kwa kawaida inaondoa kama nusu ya ile ziada au zaidi kidogo, baipasi huenda juu kidogo ya hapo, na hiyo ni kwa mwaka mpaka mwaka na nusu, siyo miezi mitatu. Tuseme ameondoa asilimia 60 ya ziada, hizo ni kilo 36. Yaani akifika 92 amefaulu, daktari anampa mkono! Sasa yeye anakaa na picha ya msichana wa kilo 60 kwenye simu anajiita mzembe. Na mwenye ziada kubwa anashuka haraka mwanzoni, mwenye ziada ndogo anashuka taratibu, na kadiri unavyokaribia mwisho kasi inapungua kwa kila mtu.

Sababu nyingine ni kwamba mwili mdogo unahitaji nguvu kidogo. Daladala tupu haili mafuta sawa na iliyojaza mpaka mlangoni. Chakula kilekile kilichokuwa kinakushusha ukiwa na kilo 128, ukiwa na 100 kinakubakiza palepale. Hapo hakuna aliyekosea, ila ratiba inabidi irekebishwe.

Sasa kamata daftari

Siku tatu, andika kila kinachopita mdomoni. Kila kitu, nakazia, mpaka kile kipande cha muhogo ulichoonja kwa mtoto. Moja ya hizo siku iwe wikiendi maana Jumamosi ya Dar ina shughuli, sendofu na kitchen pati, na hakuna anayekula kama Jumanne.

Ukimaliza usitafute milo. Milo yako ni midogo, mfuko wenyewe kwenye slivu umekatwa kama robo tatu au zaidi, hauwezi kula sahani. Tafuta katikati ya milo. Kudonoadonoa ndo mchawi wa watu wetu. Unakaa kwenye foleni ya Mwenge, kijana anapitisha korosho dirishani, unanunua kapakiti kadogo, unamung'unya taratibu na kanashuka vizuri tu, tumbo halikatai. Gramu 30 za korosho ni kama kalori 165, na ukirudi jioni kuna foleni nyingine. Afu kuna vile vyakula laini vinavyoyeyuka, biskuti, kripsi, aiskrimu, vitumbua vilivyolowekwa kwenye chai, hivi vinateleza, havikai kwenye mfuko, havikushibishi na unaweza kula mchana kutwa bila kusikia maumivu. Nyama inakukatalia, kripsi zinakukubali. Ndo maana mtu anasema "mi sili kitu" na anasema kweli kwa jinsi anavyoona yeye.

Cha pili kwenye daftari ni vya kunywa. Soda moja ya chupa ina gramu 35 za sukari au zaidi, juisi ya miwa na ya embe la kusaga nazo hazina huruma, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu ukinywa mara nne kwa siku ni mlo mzima umeunywa. Waliofanya baipasi sukari nyingi inaweza kuwapiga kabisa, jasho, moyo kwenda mbio, kuharisha, kwahiyo wao wanakumbushwa mapema, wa slivu tunasamehewa sana na ndo tunapopotelea. Bia usiseme, kalori zake zipo na baada ya oparesheni inakupanda haraka kuliko zamani. Madafu siyo sumu lakini siyo maji pia.

Cha tatu ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120 hivi. Mchicha ule uliokaangwa mpaka mafuta yanaogelea juu, jamani, siyo mboga tena. Ongea na anayepika, kwa heshima, hasa kama ni mama mkwe, mwambie "mama, nitolee changu kabla hujatia nazi" na umalizie hapo, usimpe lekcha.

Protini iwe ya kwanza kwenye sahani

Wengi wanaambiwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku, ya kwako utapewa na mtaalamu wa lishe. Unga wa protini wa kopo unauzwa bei ya kufuru lakini siyo lazima. Yai ni kama gramu 6, glasi ya maziwa au mtindi usio na sukari kama 8, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kama 7, kipande cha samaki cha gramu 100 ni 20 au zaidi. Dagaa wakavu ni mali, wachemshe na nyanya na limao, usiwakaange wakawa kripsi. Ukienda soko la samaki la Feri asubuhi na mapema unapata samaki wa kuchemsha wa wiki nzima, gawa vipande vidogo, weka friza. Kula protini kwanza, mboga baadae, ugali au wali mwisho, na ukishiba kabla ya kufika kwenye ugali mshukuru Mungu. Tafuna mpaka iwe laini, usile unatembea.

Maji usinywe na chakula. Subiri kama nusu saa baada ya kula. Kwa joto la Februari hapa mjini hii ni adhabu, najua, ila ukinywa na chakula, tumbo linajaa kabla ya protini kuingia, na watu wengi wanaona njaa inarudi mapema. Kwahiyo tembea na chupa, nywa kidogokidogo katikati ya milo, ufike lita moja na nusu hivi. Mkiwa na funga ya Ramadhani muulizeni daktari kwanza, maana maji yote hayo na protini yote hiyo kuvisukuma kati ya futari na daku siyo mchezo, na meza ya futari yenyewe imejaa tambi na kaimati.

Misuli

Ukishuka kilo nyingi haraka unapoteza na misuli, na misuli ndo inayokula nguvu hata ukiwa umelala. Kutembea ni kuzuri, shuka daladala vituo viwili kabla, jiunge na joging ya mtaani kwenu Jumapili, lakini kutembea peke yake hakutoshi. Mara mbili tatu kwa wiki fanya kitu kizito kidogo. Kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara 10, pumzika, rudia. Kusukuma ukuta. Kunyanyua vidumu vya maji vya lita 3 au 5. Ila siyo mwezi wa kwanza, subiri daktari akuruhusu, kidonda cha ndani hukioni. Na kutoka jasho jingi siyo kuungua mafuta, kwa Dar hata ukikaa tu unalowa. Magoti yakiuma usikimbilie diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa, hizo zinaweza kukuletea vidonda tumboni, hasa wa baipasi, uliza mbadala.

Usingizi nao uangalie. Mtu anayelala masaa manne tu kwa usiku njaa yake ya kesho ni nyingine.

Mambo ya kutofanya hata ukishauriwa na shoga yako

Usijinyime zaidi. Umeshakula kidogo, ukipunguza tena unapoteza misuli, nywele zinazidi kudondoka (kudondoka kwenye mwezi wa 3 mpaka wa 6 baada ya oparesheni ni kawaida na kwa wengi zinarudi) na jioni unavamia mkate. Usirudi kwenye vya majimaji tu eti "kuseti upya tumbo", tumbo haliwi jipya kwa supu ya siku tano. Usinywe machai ya kukausha na vidonge vya kuharisha, vingine hata havisemi ndani kuna nini. Na usiogope kwamba tumbo limetanuka kwasababu mwezi wa nane baada ya oparesheni unakula zaidi ya ule wa pili, uvimbe umeisha, kula kuongezeka kidogo ni kawaida.

Usiache vitamini pia. Vidonge vya chuma na kalsiamu viachane kama masaa mawili, na usimeze chuma kwa chai.

Lini urudi hospitali

Kutapika kusikoisha, kushindwa kumeza hata maji, homa, maumivu makali, moyo kwenda mbio, choo cheusi, ganzi miguuni au kuona vitu viwiliviwili, hayo ni ya kwenda leo, siyo kusubiri kliniki. Kutapika kwa muda kunamaliza vitamini B1 na madhara yake kwenye mishipa ya fahamu ni makubwa.

Kama ni kukwama tu kwa zaidi ya mwezi na daftari liko safi, nenda nalo kliniki. Beba vipimo vya futi na orodha ya dawa zote unazotumia, maana insulini, steroidi, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo na ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya watu zinaweza kuvuta uzito juu. Usiache yoyote mwenyewe, sindano hasa, ukishapungua mimba inashika kirahisi na inashauriwa kusubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu kabla ya kubeba. Wa baipasi muulize pia kama vidonge vya uzazi wa mpango bado vinafaa kwako. Omba wapime damu, chuma, B12, vitamini D na tezi ya shingo. Muulize daktari ziada yako ilikuwa kilo ngapi na umeshaondoa asilimia ngapi, na kama kweli uko nyuma, muulize kama dawa za kusaidia kupunguza uzito zinakufaa au la. Ukiambiwa "punguza kula" bila kufunguliwa hilo daftari, omba upelekwe kwa mtu wa lishe.