SOMO: Kutoa printi kwa mchoro wa samaki uliochorwa kwa ubao wa boti

Mko poa wadau. Tangu niposti ule ubao wa ngege watatu mmenijazia inboksi, kila mtu anauliza printi zinatoka aje na mchoro wenyewe uko kwa mbao. Wacha nieleze mara moja tumalizane.

Kwa wageni, mimi huchora samaki wa ziwa, ngege, mbuta, kamongo, kwa mbao za boti zilizochoka huku Dunga, kando ya Ziwa Victoria, Kisumu. Boti ikioza fundi anaibomoa, mbao nzuri zinarudi kazini, zingine ni kuni, so lazima niwahi kabla ya wale wa kukaanga samaki. Shida ni ubao unauzwa mara moja tu na umeisha, ndio nikaingilia printi.

HATUA YA 1: Ubao. Osha kwa brashi na sabuni, anika kivulini wiki nzima, lakini usipige msasa mpaka ukae kama meza mpya. Ule mkanda wa bati wa kuziba ufa, na kapamba kanachungulia pale chini, wacha hivyo hivyo. Ngege wangu mmoja jicho lake ni kichwa cha msumari wenye kutu na hiyo ndio printi imetoka kushinda zote. Watu wananunua hiyo mbao, samaki wako kila mahali.

HATUA YA 2: Piga picha KABLA ya vanishi. Vanishi inang'aa na ule mng'ao hautoki tena hata ukae kwa kompyuta mpaka usiku.

HATUA YA 3: Mwanga, na hapa ndio wengi wanaharibu. Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, saa sita jua liko utosini, ukiegemeza ubao kwa ukuta kila msumari unaangusha kivuli kirefu kama ndevu. Mimi hutoa ubao nje saa tatu hivi asubuhi upande wa nyumba wenye kivuli, au siku ya mawingu. Flashi zima. Simu weka kwa stuli, rudi nyuma kama mita mbili alafu tumia lenzi ya zoom kama simu iko nayo, maana ukiikaribia sana ubao unatoka umevimba katikati kama mandazi. Weka taima ya sekunde mbili usitingishe. Weka pia karatasi nyeupe kando ya ubao, itakusaidia kurekebisha rangi.

HATUA YA 4: Hesabu ya saizi. A4 safi inataka pikseli 3508 kwa 2480, yaani 300 kwa kila inchi. Picha ya megapikseli 12 ni kama 4000 kwa 3000, hapo A4 umefika na A3 bado inakubali. Zaidi ya hapo piga ubao vipande vipande alafu uunganishe. Na tafadhali, ukimtumia mtu wa printa picha kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na kazi yote imeenda.

HATUA YA 5: Printi ya majaribio, ndogo. Mara ya kwanza niliagiza ishirini bila kujaribu, ziwa likatoka zambarau, na mwenye duka ananiambia eti ndio fasheni. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hivyo ongeza mwangaza kidogo. Zile bluu kali za simu wino hauzifikii, zipunguze mwenyewe kabla mashine ikuamulie. Karatasi chukua isiyong'aa, gramu 200 kwenda juu. Alafu andika namba ya kila printi kwa penseli, 1/20, 2/20, ukifika ishirini funga, usitoe zingine.

MASWALI

Nyar Kolwa: Wangu ni mrefu futi saba, nafanyaje?
– Dada, piga vipande vitatu vinavyopandana kama theluthi moja. Simu isiguswe, sukuma ubao. Kuunganisha kuna programu ya bure inaitwa Hugin.

Jamaa wa Milimani: Kuna binamu amenitumia ubao wa kuteleza mawimbini kutoka Kilifi umevunjika pua, somo ni lile lile?
– Karibu lile lile mkubwa, lakini ule ni faiba juu ya povu. Kwanza toa ile nta wanayopaka miguu isiteleze, toa yote, alafu msasa laini ndio rangi ishike. Na kwa vile umepinda na unang'aa utajiona ndani, vaa nguo nyeusi siku ya kupiga picha. Mimi ningekata umbo lote la ubao niweke kwa nyeupe, na hiyo pua iliyovunjika ionekane.

Mama Ushanga: Ubao nilishauza, mwenye alinunua akipata printi si atanishtaki?
– Hapana mama. Amenunua ubao, hakimiliki imebaki kwako mpaka uihamishe kwa maandishi. Lakini kama alikuagiza umchoree, hapo sheria ya Kenya ya 2001 inaichukulia ni yake kama hamkuandikiana vingine. Ulichora kwanza ama alikuagiza?

Mama Ushanga: Aliniagiza 😩
– Basi mpigie kwanza.